Kijiti Baada ya Mchicha

Dukani kwangu hapa Kariakoo nauza vitu vya hoteli na vya shughuli: sahani za plastiki, vikombe vya karatasi, mirija, tishu, na vijiti vya meno kwa katoni. Vijiti ndivyo vinavyotoka sana. Siku hizi hata mama ntilie wa chini ya mwavuli anaweka kikopo cha vijiti mezani, na mteja aliyekula wali maharage anachukua viwili, kimoja cha kazi na kingine cha kuondoka nacho sikioni. Mimi nauza, lakini mdomoni mwangu kijiti hakiingii. Wafanyakazi wangu wanadhani ni kwa sababu ya meno ya bandia. Nawaacha wadhani hivyo.

Juzi kijana wangu mmoja alikuwa amekula samaki wa kukaanga humo humo dukani, nyuma ya kaunta, jambo ambalo nimelikataza mara chungu nzima. Akanawa kwa ndimu, halafu na vidole vyake hivyo hivyo akapasua katoni mpya ya vijiti. Ikanipata harufu ya ndimu na mti mkavu kwa pamoja. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimgombeze, badala yake nikatoka nikasimama barazani kama mtu aliyeitwa. Yule kijana akanifuata, "Shikamoo mama, nisamehe." Nikamwambia marahaba, rudi ndani ukauze. Angejua kwamba wala sikuwa namfikiria yeye.

Mimi sikusoma, niseme mapema. Shule niliiacha nikiwa naanza kuijua, na nilichonacho nimekipata kwa miguu na mdomo. Kwa hiyo nitaandika ninavyozungumza, na nyie wa rika langu mtanielewa.

Tulipanga chumba cha uani, Mtaa wa Sikukuu, mimi na Baba na Mama. Baba alikuwa mchukuzi sokoni, mtu wa kusini, mfupi, kifua kipana. Alibeba matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu, na mimi niliamini shingo yake ilikuwa ndefu zamani, matenga ndiyo yaliyoikandamiza ndani. Kifuani alivaa kibati chenye namba. Bila kibati hicho hubebi mzigo pale sokoni, na usipobeba huli. Kila jioni Mama alikisugua kwa majivu na ndimu mpaka king'ae, kama mke wa askari anavyosugua vifungo vya mumewe.

Zile zilikuwa siku za foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao ulitufanya tutambue kwamba kumbe hata njaa ina rangi. Nyama ndiyo usiseme. Bucha lilifunguliwa alfajiri, na jua likipanda kidogo tu ndoano zinabaki zinang'aa tupu. Sisi kwetu nyama ilikuwa kitu cha Idi. Siku nyingine zote ilikuwa mchicha. Mchicha na ugali, ugali na mchicha, na siku Mama akitaka kutufurahisha, mchicha wenye nyanya.

Sasa siku moja Baba alipeleka mboga kwenye hoteli moja kubwa upande wa bandarini. Alipokuwa anasubiri alipwe, mlango wa jikoni ukawa unafunguliwa na kufungwa, na kila ukifunguliwa anawaona wakubwa wanakula. Alirudi nyumbani na vijiti kadhaa vya meno, amevifunga kwenye kipande cha gazeti, mpishi alimpa. Akavipanga juu ya mkeka kama mtu anayeonyesha dhahabu.

"Mama Hawa," akasema, "wale watu hawali kama sisi. Wanakula, wanafuta mdomo, halafu wanakaa kidogo na kijiti. Tena hawafunui kinywa. Wanaziba hivi, kwa mkono. Kile kikao cha kijiti ndicho ukubwa wenyewe."

"Na sisi tutachokonoa nini, Baba Hawa? Mchicha?"

"Mchicha nao si una nyuzi?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Mama yangu hakuwa mtu wa kushindwa na mzaha. Kesho yake tulipomaliza kula akaleta bakuli la maji ya vuguvugu, ndani yake kimeelea kipande cha ndimu. "Kama ni ukubwa," akasema, "basi usiwe nusu." Tukanawa kwa zamu, Baba kwanza, polepole, kidole kimoja kimoja, kukata mafuta ambayo hayakuwepo. Ndimu hazikutugharimu kitu. Magunia yakishushwa sokoni huwa zinadondoka, na Baba aliziokota na kuzitia mfukoni.

Tangu siku hiyo tukawa na desturi yetu. Baba anasema, "Mama Hawa, lete bakuli la wakubwa." Tunanawa. Tunanusa vidole. Kisha Baba anavaa shati lake jeupe, anatoka mbele, anakaa kwenye baraza ya barabarani, mguu juu ya mguu, na kijiti chake, mkono mwingine umeziba mdomo. Watu wanapita wakitoka sokoni. "Habari za jioni, Mzee Mkwanda?" Na yeye anajibu kwa kichwa tu, taratibu, maana mtu mwenye kijiti haongei ovyo. Nilikaa pembeni yake nikimtazama. Mchana nilimwona akipita kakunja mgongo chini ya tenga, watu wakimpigia kelele "wee mzee, pisha!" Jioni pale barazani hakuna aliyemwambia pisha.

Vile vya hoteli vilipokwisha, alianza kuchonga vyake. Mnajua matenga ya nyanya yamesukwa kwa mianzi. Tenga likivunjika, alichukua ufito, akaupasua, akauchonga kwa kisu kwa uangalifu mkubwa mpaka ukatoka kijiti kilichonyooka. Mimi nilikuwa nikiuliza, "Baba, kinafanya kazi gani?" Yeye anajibu, "Kinakaribisha." Nikaelewa kitoto changu. Nikaamini kijiti ni hodi. Unabisha, unabisha, unabisha, na siku moja nyama itaitikia.

Wenzetu wa uani, wao walielewa vyao.

Mama hakupenda kupikia uani pamoja na wenzake. Jiko lake la mkaa aliliweka mlangoni petu, akaupa uani mgongo, na sufuria alilifunika muda wote. Alikuwa anaficha mchicha. Uani wakaamini anaficha nyama. Jirani yetu wa chumba cha pili, Mama Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita meli, ndiye aliyekuwa mwalimu wa somo hilo. Niliwasikia nikiwa nachota maji.

"Kila siku kijiti. Kila siku!"

"Lakini mbona hainuki, shoga?"

"Ataikaanga apate kunaswa? Wanachemsha bila kitunguu. Ujanja huo, wa kusini hao."

"Labda ni mchicha tu jamani."

"Mchicha!" Mama Tatu akapiga kofi paja. "Mimi kila asubuhi nayaona maganda ya ndimu kwenye taka zao. Tangu lini mchicha ukanawiwa ndimu?"

Nilifurahi. Nawaambia kweli, nilirudi na ndoo yangu nimefurahi, kwa sababu watu walikuwa wakituonea wivu, na mimi sikuwahi kuonewa wivu hata siku moja.

Kisha ikazuka habari sokoni kwamba nyama inatoka kwa mlango wa nyuma kabla bucha halijafunguliwa, inabebwa chini ya matenga, inauzwa kwa walanguzi. Nani anabeba matenga? Wachukuzi. Na mchukuzi gani anayejulikana mtaa mzima kwamba kila jioni anachokonoa meno?

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja siku ya mapumziko, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mzee wa watu, hana ubaya, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikaisha rangi. Watu wakatoka vyumbani na vigoda vyao. Baba akaitwa. Alikuja na shati jeupe, kibati kifuani, na kwenye mfuko wa shati kimechungulia kijiti. Sijui kwa nini hakukitoa. Labda alishazoea kiwepo.

"Ndugu Mkwanda," Balozi akaanza.

Pale nikaogopa. Siku zote alimwita Mzee Mkwanda, au Baba Hawa. Zamani zile mtu akikuita ndugu barabarani ni heshima. Akikuita ndugu mbele ya watu waliokaa duara, ujue kuna jambo.

"Ndugu Mkwanda, sisi hapa ni wamoja. Tukikosa tunakosa wote. Sasa majirani wanauliza, na mimi nalazimika kuuliza. Nyama mnayokula, mnaipata wapi?"

Baba akamtazama. Mimi nilijua jibu. Mama alijua jibu. Lilikuwa jibu jepesi kuliko yote duniani. Baba akasema, "Nikila, nakula jasho langu."

"Hatukatai. Lakini kwenye foleni ya bucha hatujakuona hata mara moja."

"Si lazima unione."

"Aaah!" uani ukaitikia kwa pamoja. Mama Tatu akasema, "Si mmemsikia wenyewe? Amekubali!"

Balozi akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Mzee mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "usinitie katika mtihani. Usiponieleza, itanibidi nilipeleke jina lako kwa wakubwa wa soko. Wao watakuvua hicho kibati kwanza, maswali baadaye. Nieleze tu."

Baba hakueleza. Alisimama wima kama anavyosimama kabla ya kuwekewa mzigo, miguu imetanuka kidogo. Nilimwona Mama akiukunja upindo wa khanga yake, akaukunja na kuukunja. Naye hakusema. Nimekuja kuelewa nikiwa na mume wangu mwenyewe kwamba lile lilikuwa jambo la Baba kulisema au kutolisema, na Mama alikuwa tayari kulala njaa kuliko kulisema kabla yake.

Ndipo Balozi akanigeukia mimi. "Wewe binti. Watoto hawana uongo. Jana mlikula nini?"

Nikamtazama Baba. Naye akanitazama. Mtazamo ule ninao mpaka leo. Macho yalikuwa makubwa, yamenikazia, na kichwa kimeinama kidogo upande wangu. Nikausoma hivi: sema, mwanangu, unikomboe.

"Mchicha," nikasema.

Ningeishia hapo, labda. Lakini mtoto akishapewa nafasi na watu wazima anataka kuijaza. Mwalimu wa chuoni, kule tulikosoma Kurani, alitufundisha kwamba ukweli ni ngao, na mimi nilitaka kumfunika Baba na ngao nzima. "Jana mchicha, juzi mchicha. Nyama tulikula Idi. Ndimu Baba anaziokota chini sokoni. Na kijiti anachonga mwenyewe kwenye tenga bovu, halafu anakaa nacho nje ili watu waone kama tumekula. Mchicha una nyuzi."

Mama Tatu ndiye aliyeanza. Alicheka kwanza kwa pumzi, kama mtu aliyepaliwa, kisha kicheko kikatoka chote, khanga ikamdondoka begani. "Jamani! Mchicha una nyuzi!" Uani mzima ukaanguka. Watu walifuta machozi. Hata Balozi alitazama pembeni, mabega yanamtikisika. Haukuwa ubaya, mnielewe. Walikuwa wamekuja kumhukumu mtu, wamekuta hakuna kosa, wakafurahi. Kila mmoja wao alikuwa na mchicha kwenye sufuria lake.

Na Baba akacheka. Hilo ndilo lililoniingia. Alicheka nao, kwa sauti, akajipiga kifua pale penye kibati, akasema, "Mmenipata, bwana! Mmenipata!" Nami nikacheka nikajua nimefanya jambo jema, kwa sababu Baba anacheka. Mpaka nikamwona Mama. Mama hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Baba kama unavyomtazama mtu aliyeangukiwa na gunia, na bado hujajua ameumia wapi.

Kibati kilibaki. Baba akaendelea kubeba, tukaendelea kula. Ndugu zangu niliowasimulia huniambia, "Hawa, ulimwokoa baba yako." Nilimwokoa, sikatai. Nimekua kwa mizigo iliyobebwa chini ya kibati kile. Lakini mtu anaweza kuokolewa kwenye maji akaachwa uchi ufukweni, watu wote wametoka kutazama, na aliyemvuta akawa ni mwanawe.

Jioni ile tulikula. Mama akaleta bakuli la kunawia. Nikanawa, nikanusa vidole kama desturi. Vilinuka mchicha. Nikatazama ndani ya bakuli: maji matupu. Nikauliza, "Mama, ndimu?" Mama akasema, "Zimekwisha." Baba alikuwa amekaa na fulana. Shati jeupe lilikuwa kwenye msumari, na kijiti bado kiko mfukoni. Hakutoka nje jioni ile wala zilizofuata. Mtaani walishampa jina, Mzee Kijiti, na walimwita kwa mapenzi kabisa, naye aliitikia kwa mapenzi. Ila barazani hakukaa tena.

Nitaruka kidogo mbele, maana wengine mtauliza. Ndiyo, nilikuja kupata. Niliuza karanga, nikauza vikombe, nikapanga meza, nikapanga duka, nikanunua duka. Nilipofika mahali pa kumlisha Baba nyama kila siku ya Mungu, meno yake yalikuwa yameshakwisha. Nilimpikia mchuzi wa mbuzi, akawa anautia ugali na kunyonya. "Mtamu," ananiambia. Kwenye meza yangu ya kula siku zile kulikuwa na kikopo cha kioo cha vijiti, kwa ajili ya wageni. Alipokuja kukaa kwangu nilikificha kabatini. Hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kumuuliza yale macho yalisema nini siku ile. Nilijua. Yalikuwa yakisema nyamaza.

Lakini nilitaka kuwasimulia la Mama Tatu.

Haikupita hata wiki. Alikuja mlangoni kwetu na bakuli limefunikwa kawa. Alikuwa amepata nyama, nadhani alipiga foleni tangu usiku, na mwanamke yule pamoja na mdomo wake wote alikuwa na moyo. Pengine alikuwa akijilaumu. "Mama Hawa," akasema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "kidogo tu hiki. Cha mtoto." Ndani mlikuwa na vipande viwili kwenye mchuzi.

Mama akapokea, akashukuru. Akaweka bakuli katikati ya mkeka. Nyama ilikuwa imekuja, kumbe hodi imeitikiwa, na mimi nilikuwa nimekaa nikitetemeka kwa uchu. Baba akamega ugali, akachovya kwenye mchicha. Mama naye akachovya kwenye mchicha. Bakuli wakalisogeza mbele yangu.

"Baba, huli?"

"Kula, mwanangu. Si umesikia? Ni cha mtoto."

Nikala vyote viwili. Nilikuwa mtoto, na nyama ilikuwa tamu, na sitajifanya kwamba ilinikwama kooni. Ilinikwama kwenye jino. Lile la nyuma, uzi mrefu wa nyama umejibana, nikawa nausukuma kwa ulimi, nautafuta kwa kidole. Baba akaniona. Akainuka, akaenda kwenye shati pale msumarini, akatia vidole mfukoni, akatoa kile kijiti.

"Shika," akasema. "Wewe ndiye uliyekula."

Mpaka leo sijui aliisema vipi. Nimeigeuza sauti yake kichwani miaka na miaka. Kuna siku naisikia ni huruma, kuna siku naisikia sivyo.

Nikatoka nacho mbele. Nilikuwa na mpango wangu. Nilidhani Baba anaona haya kukaa nje, basi mimi nitamkalia. Nikakaa pale pale pake barazani, mguu juu ya mguu, mkono mmoja umeziba mdomo kama wakubwa wa hoteli, nachokonoa. Watu wakapita. Dirisha lililo nyuma yangu lilikuwa la korido, na kwenye korido nilisikia kandambili za Baba zikija hadi karibu na mlango wa mbele, zikasimama. Nikafurahi. Nikajua anatoka.

Mama Tatu akawa anarudi kutoka dukani. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akacheka. "Eeh, binti Mkwanda! Leo mmekula nini kwenu?"

Nikatoa kijiti mdomoni nijibu vizuri, kwa sauti, ili Baba asikie kwamba safari hii ni kweli.

"Nyama!"

"Najua, mwanangu," Mama Tatu akasema, akanishika kichwa. "Ni yangu."

Kandambili zikageuka. Nikazisikia zinarudi uani, polepole, pa, pa, mpaka mlango wetu ukafungwa.